Ndoo Moja, Kipindi Kimoja

Kiingilio kwa Mama Shuku kilikuwa ndoo ya maji.
Si hela. Hela, alisema, huzaa wezi;
maji huzaa chai.
Kwa hiyo kila Alhamisi, kabla ya saa moja na nusu,
Keko Machungwa ilituona foleni bombani:
Siwema na ndoo ya rangi iliyokatika mkono,
Mbonde na dumu la mafuta ya kula,
mimi na sufuria, maana ndoo ya kwetu
ilivuja kama siri.

Tukamimina pipani. Tukanawa miguu.
Tukakaa sakafuni, magoti kwa migongo,
mbele ya kioo cha inchi kumi na nne
kilichofunikwa kitambaa cha kufuma
kama bibi harusi anayengoja kufunuliwa.
Shuku yuko juu ya bati, anazungusha antena:
"Bado! Bado! Hapo hapo! Aa, umepitiliza!"
Chenga zikanyesha, zikakata,
na ndani ya chenga, mtu.

Bwana Nukta, karani wa bodi ya maji,
suruali imepanda karibu na kwapa,
kalamu tatu mfukoni, hata moja haiandiki.
Kila wiki alikwenda kusoma mita ya nyumba ileile
na kila wiki hakuifikia.
Mara mbuzi amekula daftari.
Mara amekuta msiba, akaketi, akalia kuliko wafiwa,
kisha akauliza marehemu alikuwa nani.
Na alipofukuzwa, mlangoni, kidole juu:
"Nimemaliza!"
Anatoka. Tunahesabu. Moja, mbili, ta...
kichwa kinachomoza dirishani:
"Lakini..."

Jamani, hiyo lakini.
Mbonde alijikojolea kwa hiyo lakini
na hakuna aliyemcheka;
vicheko vyote vilikuwa kazini kwingine.

Baba hakuingia kwa Mama Shuku hata siku moja.
Mtu mzima, alisema, hachekeshwi na sanduku.
Ila alikuwa na baiskeli isiyopona,
na kila Alhamisi ugonjwa wake ulizidi
chini ya dirisha la Mama Shuku.
Siku ya mbuzi nilisikia spana ikianguka,
kisha sauti nisiyoijua,
kama mlango wa stoo
uliofungwa tangu tulipomzika mama.
Nikatoka mbio. Anajifuta macho kwa kitambaa cha grisi.
"Vumbi," akasema.
Ilikuwa Aprili. Mvua ilikuwa na siku ya tatu.

Nasikia zile kanda hazipo tena.
Walirekodi mpira juu yake,
mechi ya sare, wala hakuna anayekumbuka ya nani.

Mwaka jana, Gerezani, dukani kwangu,
mzee mmoja akaingia. Suruali iko kiunoni,
mahali pa suruali za watu wote.
Misumari ya bati, akasema, robo kilo.
Nilimjua kwa kile kidole.
Nikaandika risiti; jina, akasema, Hemedi Lugundu,
herufi kwa herufi, kama mtu aliyezoea kukosewa.
Akahesabu sarafu. Ikapungua mia. Nikasema acha, mzee.
Nilitaka kumwambia habari ya spana.
Nilitaka kumwambia: wewe ndiye uliyefungua stoo.
Mdomo ukatoa, "Kuna kingine?"
"Nimemaliza."
Akatoka kwenye jua la saa nane.

Nikahesabu.
Wateja wawili wananitazama, mmoja ameshika bawaba.
Nilifika arobaini.

Jioni nikampelekea baba habari.
Masikio yamezeeka, nikarudia mara mbili,
ya tatu nikapiga kelele hadi jirani akazima redio.
Akanyamaza. Akapapasa mkongojo.
"Misumari ya nini?"
Ya bati, baba.
"Kiasi gani?"
Robo kilo.
Akatikisa kichwa, polepole, fundi kwa fundi mwenziwe.
"Basi atarudi," akasema.
"Robo kilo haimalizi paa."